Jiwe Mkononi mwa Fundi Saa

Wifi yangu ni mwoga. Nalisema mapema asije mtu akadhani namsengenya. Mwenyewe anajijua, na mumewe, ambaye ni kaka yangu, anamjua zaidi, maana ndiye anayeamshwa kila paka anapokanyaga bati. Anaogopa radi, anaogopa kuku mwenye vifaranga, anaogopa simu inayoita kabla hajaiona namba. Tulipomwoa, siku yake ya kwanza jikoni kwetu mfuniko wa sufuria ulianguka, akaruka, chai yote ikamwagika. Mama alicheka mpaka akakaa chini, nami nikampa jina la Kunguru. Si wanasema kunguru mwoga hukimbiza mbawa zake? Jina likamganda, na yeye hakulichukia. Nikimtania sana hunijibu, “Kwa mwoga huenda kicheko, wifi, kwa shujaa huenda kilio,” kisha anaendelea na kazi yake.

Kazi yake ni picha. Tumekodi chumba kimoja kando ya barabara, tumekigawa kwa pazia: dirishani niko mimi na cherehani yangu, ndani yuko yeye na kamera, kompyuta, na kitambaa cha buluu kilichotundikwa ukutani kwa ajili ya picha za vitambulisho. Mlango ni mmoja, wa mbao, wenye komeo la chuma la kichwa cha duara. Mlango ukiwa wazi, kichwa hicho hutokeza pembeni usawa wa mkono wa mtu aliyesimama kizingitini. Kimeshachana magauni ya wateja wangu mpaka nikakitukana kwa majina ambayo siwezi kuyaandika hapa.

Katika kazi zake zote, Kunguru alipenda zaidi mihuri. Si ile ya wino ya maofisini. Hii yake hukaa ndani ya kompyuta. Huchukua picha ya kitu, tuseme jani, akalikata kutoka kwenye picha, akafuta vyote vilivyolizunguka pakabaki peupe, kisha akaondoa rangi, jani likabaki jeusi na kijivu. Halafu huiamuru programu ya picha ihifadhi umbo hilo miongoni mwa brashi zake. Tangu hapo jani ni lake. Akibonyeza linatokea, akibonyeza tena linatokea tena, kubwa au dogo, jekundu au jeusi, limesimama au limelala. Palipokuwa peusi panatokea vizuri, pa kijivu panatokea kwa kufifia, na peupe hapatokezi kitu. Alikuwa na mihuri ya majani, ya ndege, ya lesi alizookota katika mabaki yangu ya kitambaa, na kadi zake za harusi zilipendwa kwa ajili hiyo. Siri yote, aliniambia, iko katika kufuta.

“Ukiacha uchafu pembeni, wifi, utaugonga huo uchafu maisha yako yote.”

Halafu wateja wakaanza kuleta picha za mikutano na mahafali yenye viti vitupu, wakitaka ukumbi uonekane umejaa. Kunguru akatengeneza mihuri ya watu. Aliwapiga picha wale wanaosimama mlangoni kwetu, kutoka ndani kuelekea kwenye mwanga wa nje, wakatokea weusi watupu, hawana sura, wana vichwa na mabega tu. Akiwagonga nyuma kabisa ya picha, wadogo wadogo, unaapa ni umati. Mimi mwenyewe alinipiga nimeshika kiuno, na nikamwambia kiuno hicho si changu, amekiongeza. Muuza maziwa naye akaingia. Na akaingia fundi saa.

Fundi saa ana meza yake upande wa pili wa barabara. Miaka ya kuinamia saa za watu, kioo jichoni, imempinda shingo ikalalia kushoto, haijarudi tena. Kwa hiyo tulisema kila anachofanya anakifanya kwa shingo upande, hata kula. Kila alasiri alivuka barabara na glasi yake, Kunguru akamtilia chai, naye akainywa amesimama kizingitini akituchekesha.

“Shemeji,” angemwambia Kunguru, “umeshakufa, au bado unaogopa?”

Watu wa mtaa mzima wangeitambua shingo ile hata kwenye giza. Hilo ndilo Kunguru hakulifikiria alipomfanya muhuri.

Sasa, kulikuwa na mkutano wa wachukuzi wa sokoni. Kaka yangu ni mchukuzi, lakini siku hiyo alikuwa na mzigo mbali. Mvua ilinyesha tangu asubuhi, watu wakaja wachache, wamejikunyata. Mkutano ulipoisha, katibu wa chama chao akaja moja kwa moja kwetu, viatu vimejaa tope, kamera begani. Katibu ni mtu mnene, mpole wa maneno, na upole wake hauniingii moyoni hata kidogo.

“Mama, nijazie uwanja,” alimwambia Kunguru. “Sitaki kuona nyasi.”

Kunguru akamjazia. Nilimwona kwa pembeni ya pazia akibonyeza, paa, paa, watu wakiota nyuma ya picha kama uyoga, wengine wameegemea kabisa ukuta wa ofisi ya soko. Katibu akafurahi, akaisambaza picha ile kwenye simu za watu kabla hata hajafika kwake. Hakujua, wala sisi hatukujua, kwamba baada ya yeye kuondoka uwanjani kuna watu walibaki wakaanza kurusha mawe kwenye madirisha ya ofisi. Jiwe moja lilimpata mlinzi kichwani. Asubuhi tukasikia yuko hospitalini, hajitambui.

Na picha iliyoonyesha ukuta wa ofisi ilikuwa moja tu.

Walikuja mchana, wanaume wawili waliovaa kiraia. Hawakuja kwetu. Walisimama mbele ya meza ya fundi saa, mmoja akamwonyesha simu. Nilikuwa nashona pindo dirishani, nikaona yote. Fundi alitoa kioo jichoni, akaitazama simu, akacheka.

“Kweli huyu anafanana na mimi,” alisema.

“Anafanana? Na hilo mkononi ni nini?”

“Sioni vizuri.”

“Ni jiwe. Twende.”

Kile kicheko kilimwangusha. Wangemkuta analia labda wangemsikiliza. Walimpitisha katikati ya barabara, saa za watu zimebaki wazi mezani, na yeye akageuza ile shingo yake kututazama, akainua mabega kama mtu asemaye, haya ndiyo mambo gani tena?

Nilipogeuka ndani, Kunguru alikuwa amekaa chini sakafuni. Nilidhani ni woga wake wa kawaida wa polisi, nikaanza kumkaripia ainuke, ataonekana na wateja. Akanipa simu yake. Ilikuwa ile picha ya Katibu, ameikuza mpaka kwenye ukuta wa ofisi.

“Ni muhuri wangu,” alisema. “Mtazame mkononi.”

Nikatazama. Mtu mweusi, shingo imelala, mkono wa kulia unaning'inia, na mwishoni mwa mkono kuna kitu cha duara. Nilikitazama kitu kile kwa muda, kisha nikautazama mlango wetu. Lilikuwa komeo. Alipomkata fundi kutoka kwenye picha ya mlangoni, kila kitu alikifuta isipokuwa kile kichwa cha komeo kilichogusana na vidole, akakidhania ngumi. Kila alipomgonga fundi, alimgonga na komeo letu mkononi.

Kisha nikaona jingine. Hatua chache kutoka kwa fundi, kando ya ukuta uleule, alisimama mwanamke ameshika kiuno.

Mimi huonekana jasiri. Wateja wanaochelewa kuchukua nguo wananijua, na hata kaka yangu hunishushia sauti. Lakini siku ile nilipojiona nimesimama mahali ambapo sikuwahi kukanyaga, nilijibanza upande wa kamera. Nilifunga pazia. Kila pikipiki iliyopunguza mwendo nje nilisema ndio hao. Nilimwambia Kunguru tungoje, tusiseme neno, fundi atajieleza, mtu hafungwi kwa shingo. Yeye alikuwa anatetemeka, meno yanagongana, na mimi kwa mara ya kwanza tangu tumwoe nilitetemeka pamoja naye.

Fundi naye alikuwa na nini cha kujieleza? Siku ya mkutano mvua ilimfukuza mezani mapema, akaenda kulala. Mkewe alikuwa kwa dada yake aliyejifungua. Hakuna aliyemwona isipokuwa mto wake.

Kesho yake Katibu alirudi. Alisimama palepale kizingitini, akaziba mwanga wote. Alizungumza na Kunguru kwa sauti ya mtu anayemliwaza mfiwa.

“Mama, nasikia kuna maneno. Mimi nataka tukumbushane tu. Picha ni picha. Watu walijaa. Sivyo?”

Kunguru akarudi nyuma mpaka akagonga meza ya kompyuta.

“Siwezi kuwa katibu wa nyasi,” aliendelea. “Na mumeo anabeba mizigo sokoni kwetu. Kijana mzuri, mgongo wake nampenda. Nisalimie.”

Akaondoka. Kunguru akaingia nyuma ya pazia asitoke. Mimi nilibaki na sindano mkononi nikiuliza moyoni kama kaka yangu alishafika sokoni, na nani alikuwa nyuma yake. Aliporudi jioni mzima, tulimkumbatia wote wawili mpaka akashangaa, akauliza nani amekufa. Hatukumwambia. Tuliogopa kwamba akijua atakwenda kugombana na Katibu, na mgongo wake ndio unaotulisha.

Siku zikaenda hivyo. Mlinzi bado hajitambui. Watu mtaani walisema kama akifa, fundi saa hatatoka tena. Kunguru aliacha kula, akaacha kuwasha kompyuta, na mteja akija kupiga picha ya kitambulisho alimwambia kamera imeharibika. Alibadili hata namna ya kuingia: akifika mlangoni aliingia ubavuubavu, asiguse lile komeo.

Halafu akaja mke wa fundi.

Ni mama mmoja mtaratibu, hana makuu, hajawahi kutuomba kitu. Alikaa kwenye kile kiti cha kupigia picha, akatoa simu yake kwenye nguo.

“Nisaidie kuikuza hii,” alimwambia Kunguru. “Macho yangu hayafiki.”

“Ya nini, dada?” Kunguru aliuliza.

“Nataka nimwone vizuri. Nimekwenda kumpelekea chakula, ananiapia hakuwepo. Ananiapia kwa watoto. Na mimi shingo ile nimelala nayo maisha yangu yote, naijua. Ni yeye.” Akafuta macho kwa kiganja. “Sikujali kukamatwa kwake, wangapi wamekamatwa. Lakini ameniapia kwa watoto, uongo. Mtu wa namna hiyo nilikuwa naishi naye?”

Nilimtazama Kunguru nikimwomba kwa macho anyamaze. Namwambia Mungu ukweli, hivyo ndivyo nilivyofanya. Kunguru alirudisha simu ya yule mama bila kuikuza picha. Akamwambia aende nyumbani, atamletea jibu. Alipoondoka, Kunguru akapanda juu ya kiti, akakitungua kile kitambaa cha buluu ukutani, akaanza kuifunga kompyuta ndani yake.

“Unafanya nini?”

“Naipeleka kituoni.”

“Kunguru, umesahau Katibu? Umemsahau mumeo? Si wewe unayesema kila siku, kwa mwoga huenda kicheko?”

“Kicheko kimekuja kwangu,” alisema, fundo limekataa kufungika. “Kilio kimekwenda kwa fundi. Na yeye hakufanya ushujaa wowote, wifi, alikuja kunywa chai. Nishikie hapa nifunge.”

Nikamshikia. Tukatembea barabarani wawili, tumebeba kompyuta ndani ya kitambaa kama watu waliobeba mgonjwa, kioo chake kikubwa kwapani kwangu. Njiani alisimama akasema hawezi. Tukakaa kwenye ngazi za duka moja mpaka akainuka mwenyewe. Tukaenda tena. Kabla ya geti la kituo alisimama tena, na safari hii mimi ndiye niliyesema hatuwezi, turudi. Yeye akaingia.

Afande aliyetupokea alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye miwani na mafua. Kunguru alipojaribu kueleza, maneno yalitoka nyuma mbele: komeo, muhuri, chai, Katibu, mvua. Afande alipenga kamasi akauliza kama tumekuja kushtaki au kushtakiwa.

“Nionyeshe tu meza yenye umeme,” Kunguru alisema.

Kompyuta ikawashwa. Kipanya kilimponyoka akakiokota, kikamponyoka tena. Alifungua ukurasa mweupe, mtupu, akatafuta katika mihuri yake, akabonyeza. Katikati ya weupe akasimama fundi saa, shingo kushoto, duara mkononi. Afande akasogea. Kunguru akabonyeza tena. Akasimama fundi wa pili, mdogo kidogo. Akabonyeza na kubonyeza, machozi yanamtoka, mafundi wakajaa ukurasa mzima, wote kimya, wote na mawe. Kisha akafungua ile picha ya kwanza kabisa, yenye rangi: mlango wetu, fundi na glasi yake ya chai mkono wa kushoto, na kando ya mkono wa kulia lile komeo.

Afande alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

“Na huyu mwenye kiuno kwenye picha ya mkutano?”

“Ni mimi, afande,” nilisema. “Lakini kiuno si changu.”

Hakucheka. Akamgeukia Kunguru.

“Mama, unajua umesema nini? Umesema umetengeneza picha ya uongo, na mtu amekaa ndani kwa ajili yake. Hapa si mahali pa kicheko. Nani aliyekutuma?”

Hapo nikajua tumefika. Ningekuwa mimi, pengine ningeruka jina. Kunguru alinitazama, akautazama mlango uliokuwa nyuma yetu kana kwamba Katibu ameuziba, akalitaja.

Fundi saa naye aliletwa ili aone. Ndevu zilikuwa zimemwota, na alikuwa amekonda. Alitutazama bila salamu, kisha akakitazama kioo cha kompyuta, akiwa amejaa humo mwenyewe, safu kwa safu. Alikaa muda mrefu akijitazama. Afande alimweleza. Aliitikia kwa kichwa kila neno, lakini sikuwa na hakika kama anasikia.

Walimwachia jioni ile. Kompyuta ilibaki kituoni, na Kunguru akaambiwa atarudi tena na tena kutoa maelezo, mpaka waamue la kumfanya. Tulirudi watatu, fundi katikati. Kunguru alikuwa akilia na kuomba radhi kila baada ya nyumba moja, na fundi akisema yameisha, shemeji, yameisha. Tulipokaribia kwake alisimama.

“Siku za mwanzo nilikataa,” alisema, akiutazama mkono wake wa kulia. “Nilisema sikuwepo, sikuwepo. Wananiwekea picha mbele, wanauliza, na huyu nani? Naiona shingo yangu. Sasa juzi, shemeji, nilianza kulikumbuka lile jiwe. Nalikumbuka kabisa. Lilikuwa na maji ya mvua, na zito upande mmoja.”

Kunguru alijifunika uso. Mkewe fundi alikuwa ameshatoka nje, amesimama na taa, hajui amkimbilie au amwombe msamaha kwanza.

Mlinzi alizinduka baadaye, akasema waliomrushia mawe hakuwaona. Katibu aliitwa kituoni, akarudi, na bado ni katibu. Kaka yangu hapati tena mizigo sokoni, anabeba matofali mahali pengine, na hakumlaumu mkewe hata mara moja, ingawa mimi nilikaa nikilingoja neno hilo nimrukie. Kompyuta iliporudishwa, Kunguru aliifuta mihuri yote ya watu, mimi na kiuno changu tukiwemo, akabaki na majani na ndege. Kaka akaling'oa lile komeo. Mlango tunaufunga kwa kamba.

Bado kesi ya Kunguru haijaisha. Kila gari likisimama nje anashika meza. Lakini alasiri ikifika hutia chai, akasimama kizingitini yeye mwenyewe, mahali pa mwanga, akamwita fundi. Naye huvuka barabara. Hasimami tena mlangoni. Hupita kando, akajibanza ukutani chini ya dirisha langu, mahali ambapo kamera ya ndani haiwezi kumwona, na Kunguru humpitishia glasi juu ya cherehani. Huipokea kwa mkono wa kushoto. Wa kulia hukaa mfukoni mpaka chai iishe.